Fulana Iliyoandikwa NIULIZE

Siku ya kwanza ya maonyesho, saa nne na robo asubuhi, bwawa letu lilianza kuvuja.

Lilikuwa bwawa la kuwekwa mezani: sanduku la vioo lenye urefu wa mita moja na nusu, ukuta wa mbao zilizopakwa rangi ya saruji ukilikata katikati, upande mmoja mchanga wa mto, upande wa pili bonde tupu lenye miti ya plastiki na ng'ombe wawili wa udongo. Nilisimama kando yake na jagi la maji mkononi, nimevaa fulana nyekundu iliyoandikwa mgongoni, kwa herufi kubwa, NIULIZE. Wanafunzi kama arobaini wa shule moja ya msingi ya Kitui walikuwa wamenizunguka. Nikamimina maji juu ya mchanga, nikaanza kueleza kama nilivyofunzwa, na kabla sijamaliza sentensi ya tatu maji yakapenya chini ya ukuta, yakawapita ng'ombe na kunidondokea viatuni.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Watoto walidhani bwawa hufanya kazi hivyo. Wakaandika madaftarini.

Tangu hapo nimekuwa nikifikiri kwamba kazi ya kuwaelekeza wageni katika maonyesho hupimwa kwa dakika ile kitu kinapoharibika mbele ya watu. Mengine yote mtu anaweza kuyasoma ukutani.

Nilikwenda Ukambani nikitokea Mombasa. Nimezaliwa na kulelewa Changamwe, karibu na chama cha ushirika cha wachongaji, Akamba Handicraft, kilichoanzishwa mwaka 1963. Baba ni mchongaji, na babu alikuwa mchongaji kabla yake. Mimi ndiye niliyeachana na tezo nikaenda kusoma fizikia, na nilipomaliza chuo nikakaa nyumbani miezi minane nikipeleka barua za kuomba kazi. Tangazo la kutafuta vijana waelekezi lilinifikia kwa simu: wiki tatu, mwezi wa Julai, maonyesho ya sayansi na sanaa yanayohama, Kitui kwanza kisha Makueni. Masharti yalikuwa umri chini ya miaka 25, uwezo wa kusimama kutwa, na Kikamba kuwa nyongeza njema. Nilijaza kwamba Kikamba ninakijua. Kikamba changu ni cha kuombea chai na kukaribishia wajomba.

Nilipanda basi la usiku, nikashuka Kyumvi, njia panda ya Machakos, alfajiri yenye baridi ambayo mtoto wa pwani hana nguo yake. Matatu moja ikanifikisha Machakos mjini, nyingine ikashika njia ya Kitui kupitia Masii na Wamunyu. Wamunyu nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuiona. Kwetu nyumbani hutajwa kama watu wengine wanavyotaja Makka. Mutisya Munge, mzaliwa wa huko, alipelekwa Tanganyika na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaona Wazaramo wakichonga vinyago, akarudi kijijini na ujuzi huo, na ndugu na majirani wakajifunza kwake. Kutoka uani mwake ndiko walikotoka twiga na vifaru wanaouzwa leo kila duka la watalii kuanzia Nairobi hadi ufukwe wa Diani. Kwa hiyo sanaa ambayo wageni huiita ya Kikamba tangu jadi, kwa sura yake hii ya biashara, ina umri wa karne moja hivi na ililetwa na mtu aliyetoka vitani. Niliwaza hayo nikitazama nje ya dirisha. Wamunyu yenyewe ilipita kwa dakika nne: maduka, punda, bango la simu, basi.

Baada ya Wamunyu tukavuka mto Athi, tukapita Kwa Vonza, na ardhi ikaanza kukauka. Makorongo mapana ya mchanga mweupe yalikatiza chini ya madaraja, hayana hata tone la maji, na katikati ya kila korongo palikuwa na watu wameinama. Nilimuuliza mama aliyeketi karibu nami wanatafuta nini. Akanitazama kama mtu anayepima kama anataniwa.

"Maji," akasema.

Tulifundishwa kazi kwa siku mbili katika ukumbi uliokuwa bado unanuka rangi. Tulikuwa waelekezi kumi na mmoja. Kila kituo kilikuwa na karatasi yake ya maneno, iliyoandikwa kwa Kiingereza ofisini kisha ikatiwa Kiswahili na mtu ambaye, kwa maoni yangu, hakuwa amekisema Kiswahili hicho kwa mdomo wake. Bwawa langu liliitwa "teknolojia bunifu ya uhifadhi wa maji juu ya uso na chini ya uso wa ardhi". Tuliambiwa tusiwaguse wageni, tusibishane nao, tusiseme "sijui". Badala ya "sijui" tuseme "hilo ni swali zuri". Nililisema hilo mara nyingi sana siku ya kwanza, hasa baada ya saa nne na robo.

Aliyeniokoa alikuja saa sita. Alikuwa mwanamke mzee, leso mbili, kikapu cha kyondo mgongoni, kamba ikiwa imevutwa hadi kwenye paji la uso kama wabebavyo wanawake wa huko mzigo ukiwa mzito. Alisimama nyuma yangu muda mrefu akisoma mgongo wangu.

"Nikuulize nini?" akasema.

"Chochote, susu," nikamjibu, nikitumia neno lile la bibi ambalo ni miongoni mwa maneno ishirini niliyokuwa nayo.

"Hii ukuta yenu imekaa juu ya nini?"

Nikatazama. Ukuta ulikuwa umekaa juu ya mchanga. Aliyetengeneza sanduku alitandaza mchanga kwanza, akasimika ukuta juu yake, akaongeza mchanga upande mmoja. Kwa macho ulipendeza sana.

"Na mabega yako wapi?"

Sikuelewa. Akaweka vidole viwili kwenye kona, pale mbao zilipogusana na kioo. Kwenye mto wa kweli, akasema, ukuta haukomei ukingoni. Unaingia ndani ya ukingo huku na huku, hatua kadhaa, la sivyo mafuriko ya kwanza yanazunguka kando na kuuacha umesimama peke yake kama mlango usio na nyumba. Na chini huchimbwa mpaka kwenye mwamba. Ukikosa mwamba, huanzi. Yeye na kikundi chake cha mwethya, yaani cha kazi ya ujima, walichimba siku nyingi msimu mmoja wa kiangazi, wakifikia mwamba hapa, wakiukosa pale, wakibeba mawe kichwani na mchanga kwa madebe, na fundi aliwakataza kumwaga saruji mpaka pale palipokosekana papatikane.

Hapo ndipo nilipoanza kazi yangu hasa, nadhani. Nilichota mchanga wote kwa kikombe. Akaagiza udongo wa kichuguu, na kijana mmoja wa boda boda aliyekuwa akitazama akaenda kuuleta, umefungwa kwenye mfuko wa sukari. Susu akaukanda kwa maji, akauziba ukuta chini mpaka kwenye kioo, kisha akajenga mabega mawili ya udongo pembeni. Mikono yake ilikuwa ya haraka. Watu wakakusanyika wengi kuliko walivyokusanyika siku nzima, na msimamizi wetu akaja kuuliza kuna nini, akaona mgeni amezamisha mikono ndani ya kifaa cha maonyesho, akafungua mdomo, akaufunga.

Tukarudisha mchanga. Tukamimina maji. Hayakuvuja.

Sasa niseme ni kwa nini kitu hiki kina maana, kwa sababu msomaji wa mjini anaweza kuwa kama mimi nilivyokuwa dirishani. Mito mingi ya Kitui na Makueni hutiririka siku chache tu baada ya mvua kubwa, kisha hukauka. Ukijenga bwawa la wazi, ambalo huko huliita silanga, jua linakunywa sehemu kubwa ya maji, ng'ombe wanayachafua, mbu wanazaa humo. Bwawa la mchanga hufanya kinyume: unajenga ukuta kukatiza mto, unauacha mto wenyewe uujaze kwa mchanga msimu baada ya msimu, na maji yanakaa katikati ya chembe. Mchanga wa chembe kubwa huweza kushika maji hadi asilimia 40 hivi ya ujazo wake. Tulikuwa tukilionyesha hilo kwa kikombe: unajaza kikombe mchanga mkavu, unauliza wageni kitaingia maji kiasi gani, na karibu kila mmoja anasema hayataingia. Yanaingia. Juu panabaki pakavu unapita na viatu. Chini, kuanzia kina cha nusu mita na zaidi, jua halifiki kwa urahisi. Unachimba kisima au unatoboa bomba ukutani, na maji yanakuja yakiwa yamechujwa.

Joshua Mukusya na majirani zake wa Utooni, upande wa Machakos, walianza kujipanga kwa kazi ya aina hii mwaka 1978. Kitui, shirika la Sasol limeshirikiana na wanavijiji kujenga mamia ya kuta tangu miaka ya 1990. Na kabla ya hao wote, watu wa Ukambani walikuwa wakichimba visima vya mchanga makorongoni, kama wale niliowaona wameinama. Vilevile mtaalamu wa udongo popote duniani akisema "fanya juu" anataja, kwa Kiswahili, aina ya tuta ambalo udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu wa mteremko. Neno hilo limeenea kutoka milima hii hii. Nilisoma fizikia miaka minne na sikulisikia hata mara moja.

Karatasi ya maneno niliikunja nikaitia mfukoni. Wageni waliofuata niliwaambia bwawa hili lilivuja saa nne na robo, nikawauliza wanadhani kwa nini. Wazee walijibu kabla sijamaliza. Watoto walibishana. Mzee mmoja alikataa kabisa kuliita bwawa: "Silanga gani hili halina maji?" Nikampa kijiko achimbe. Alichimba, akaona maji yanajaa kwenye tundu taratibu, akachimba tena mahali pengine kana kwamba anashuku nimeficha mfereji. Msimamizi, na hapa namsifu, aliniuliza jioni tuandike nini kwenye bango. Tukafuta "bunifu".

Vituo vingine sikuvisimamia lakini nilikuwa nikivizungukia wakati wa chai. Kulikuwa na ubao uliosimulia jinsi Krapf, mmisionari Mjerumani, alivyouona Mlima Kenya kutokea Kitui tarehe 3 Desemba 1849 alipokuwa mgeni katika nchi ya Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, na jinsi wataalamu wa jiografia wa Ulaya walivyokataa kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Mwenye ubishi mkali alikuwa Cooley wa London, aliyekuwa amekwisha kuikataa na theluji ya Kilimanjaro iliyotangulia kuripotiwa na Rebmann, mmisionari mwenzake Krapf, bila kutia mguu Afrika Mashariki. Kichwa cha ubao kilikuwa "Ushahidi". Msichana mmoja wa darasa la sita alisoma wote akamwuliza mwenzangu, "Na Kivoi hakuuona?" Mwenzangu akasema ni swali zuri. Kwa kweli lilikuwa swali zuri.

Upande wa sanaa palikuwa na mchongaji kijana kutoka Wamunyu, akimtoa twiga kwenye gogo la mwarubaini. Sikumwambia mimi ni mtoto wa nani mpaka siku ya tatu. Baba naye huchonga mwarubaini sasa, na mwembe, na jakaranda, kwa sababu mpingo na muhugu viliadimika. Wachongaji walivimaliza wenyewe, wao na wanunuzi wao, na hakuna haja ya kupamba maneno. Mwarubaini una harufu kali unapokatwa na hung'ang'ania msasa, lakini hukua upesi. Nilimshikia kijana yule gogo kwa muda. Akanitazama mikono, akasema, "Wewe umeshawahi." Nikakiri.

Kituo cha kyondo ndicho kilichonifundisha hisabati. Bango lilikuwa na picha ya duara na alama ya pai, na maelezo kwamba msusi "anatumia kanuni za jiometri bila kujua". Bila kujua! Mama mmoja msusi aliyeletwa kuonyesha kazi alisomewa sentensi hiyo na binti yake, akanyamaza, akaendelea kusuka. Baadaye nikamwuliza anajuaje lini aongeze uzi. Akanionyesha. Kyondo huanzia kitovuni, nyuzi chache zimepishana. Ili kitako kitanuke kikiwa bapa, unaongeza nyuzi kwa kipimo. Ukiacha kuongeza, kinasimama na kuwa ukuta. Ukipunguza, mdomo unajifunga. "Na ukiongeza kupita kiasi?" nikauliza. Akachukua kipande kilichoharibika, cha mwanafunzi wake, akanipa. Ukingo wake ulikuwa umejikunjakunja kama kabichi.

Kipande kile kilichoharibika ndicho nilichokiona picha yake chuoni. Mwaka 1997 mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Daina Taimina, alifuma kwa uzi na sindano ya kufumia umbo ambalo wenzake walikuwa wakihangaika kulitengeneza kwa karatasi: bapa linaloongezeka upesi kuliko duara la kawaida, hivyo hujikunja. Alifanya hivyo kwa kuongeza vitanzi kwa kipimo, kupita kiasi. Yule mama wa Kitui alikuwa nacho kwenye mfuko wa takataka. Nilimwomba kipande kile tukaweke mezani pamoja na vyondo vizuri. Akakataa katakata, hakutaka watu waone kazi mbovu imetoka mikononi mwa mwanafunzi wake. Nikamsihi, nikamweleza habari ya Cornell. Akasikiliza yote, akasema, "Basi huyo mama wa Marekani naye alete yake." Hatukukiweka.

Tuliondoka Kitui kwa lori mbili na basi dogo, tukishika barabara ya kusini, Kisasi, Ikanga, Mutomo, Ikutha, lami mpya inayonyooka katikati ya vichaka na mibuyu mpaka unavuka tena Athi na kuingia Makueni. Sanduku la bwawa nililipakata mimi mwenyewe, kwa maana nililifunga katikati ya magunia mawili ya mchanga na kukaa karibu nalo. Udongo wa susu haukupasuka. Mjini Kibwezi tukaingia barabara kuu ya Mombasa, na kwa muda wa nusu saa nilikuwa kwenye njia ya kwetu, malori yakinguruma kuelekea bandarini.

Tulisimama Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 enzi za mafundi wa reli. Kila msafiri hulishwa humo bure, awe wa dini gani. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi, unaletewa dengu na chapati na chai. Sisi kumi na mmoja wenye fulana za NIULIZE tulikula kimya. Mzee mmoja mhudumu alizunguka na sinia, akasoma mgongo wa mwenzangu, akamwuliza, "Umeshiba?" Hilo ndilo swali ambalo tulilijibu sote kwa usahihi. Kisha tukageuka kaskazini kwenye barabara ya Wote.

Wote ni mji mdogo kuliko Kitui na watu wake ni wakali zaidi wa maswali. Saa mbili asubuhi ya siku ya kwanza mwanamume mmoja alisimama mbele ya bwawa langu, hakutazama ukuta, hakutazama maji. Akatia kidole mchangani.

"Huu mchanga mmeutoa wapi?"

"Kitui, mzee."

"Mna kibali?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Makueni wana sheria ya mchanga, ya mwaka 2015, iliyopitishwa baada ya malori ya wajenzi kukomba mito hadi visima vikakauka na watu wakapigana. Mchanga hautolewi mtoni kiholela wala kusafirishwa bila ruhusa. Sisi tulikuwa tumebeba magunia mawili. Nikamweleza ni ya maonyesho, akasema kila lori husema ni la kitu fulani. Mwishowe alicheka na kunishika mkono, lakini hakuondoka mpaka msimamizi aandike kwenye daftari, mbele yake, kwamba mchanga huu utarudi mtoni.

Lakini kituo kilichojaa kuliko vyote huko Wote kilikuwa hema la nyota: hema jeusi, projekta ndogo, watu ishirini kwa zamu wakiwa wamelala kwenye mikeka. Mwelekezi wake aliugua nikamshikia zamu siku nne. Niliwaonyesha Njia ya Maziwa, nikawaonyesha Kilimia, na wazee wakaanza kunieleza mambo ya kulima. Hilo halikunishangaza, maana pwani pia tunakitazama Kilimia kwa ajili ya mvua, na mwezi wa Novemba huchomoza mashariki jua linapozama, wakati ambao mvua za vuli, zinazotegemewa zaidi Ukambani kuliko zile za masika, zinakuwa zimeanza. Nikawaambia habari ya Malindi pia: kwamba tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Kwamba mwaka 2023 Kenya ilipata satelaiti yake, Taifa-1, iliyorushwa kutoka Marekani. Nilikuwa najivuna kidogo. Gizani, sauti ya mtu mzima ikasema:

"Na kile chuma chenu mtakuja kukichukua lini?"

Hema lote likacheka. Nami nilijua anachosema. Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, humu humu Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilikwenda, likaichukua, likasema ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Vitu vya aina hiyo hukusudiwa viungue angani au viangukie baharini. Nusu mwaka ulikuwa umepita na wageni wa Wote bado walikuwa na la kusema.

"Kimeshachukuliwa, mzee," nikasema.

"Hicho kimechukuliwa. Nauliza vingine."

Nikawasha taa. Projekta ilikuwa na picha za sayari, haikuwa na picha ya pete, kwa hiyo nikaeleza kwa mikono. Kitu kinachozunguka dunia kwa ukaribu hukimbia karibu kilomita 8 kwa sekunde. Kikishuka, hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata moto mkali. Vipande vyembamba huungua, kipande kizito cha chuma kigumu huweza kufika chini. Mama mmoja akauliza, kama ingemwangukia ng'ombe wake, nani angelipa? Karatasi yangu haikuwa na jibu. Nikasema sijui, neno lenyewe lililokatazwa, nikamwomba arudi kesho.

Usiku huo, mahali tulipolala, stima ikiwa imepotea, nilitafuta kwa simu hadi betri ikafika asilimia 4. Alirudi kweli. Nikamwambia upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972: nchi iliyorusha chombo hulipa hasara kitakayoleta juu ya ardhi, hata kama haikuwa na uzembe. Akafikiri. "Na kwanza ijulikane ni cha nani," akasema. Nikamwambia ndiyo, hapo ndipo pagumu. Akaridhika kuliko mtu yeyote niliyemjibu wiki zile tatu, akaniachia machungwa matatu.

Kwenye ukuta wa michoro ya watoto, mvulana mmoja wa Wote alikuwa ameichora ile pete. Imelala chini, mbuzi saba wameizunguka, wamechungulia ndani wakidhani ni hori la maji. Majaji waliipa nafasi ya nne. Mimi ningeipa ya kwanza, na nilimwambia hivyo, jambo ambalo pia tulikuwa tumekatazwa.

Malipo yetu yalikuja miezi miwili baada ya siku iliyoahidiwa, na pungufu ya nauli. Vijana wanaofanya kazi hii walipwe siku ya kufunga hema. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo.

Daftari langu lina maswali 61 ya wageni. Yale niliyoyajibu vizuri ni 38.

Siku ya mwisho tulipokuwa tukivunja vituo, yule mwanamume wa kibali alikuja tena, safari hii na mwanawe wa darasa la nane. Nililimwaga sanduku. Udongo wa kichuguu ulibanduka kwa shida, nikautia kipande mfukoni. Magunia mawili ya mchanga tukayapakia kwenye mkokoteni, tukayasukuma hadi korongoni nje ya mji, mimi, dereva wa lori, baba na mwana. Tukayamimina katikati. Mchanga wa Kitui ulikuwa mweupe zaidi kidogo. Ulionekana kama mtu amemwaga chumvi. Mtoto akatoa kalamu, akararua karatasi daftarini, akatuandikia risiti: magunia mawili, yamepokelewa. Akatia tarehe na sahihi.

Risiti hiyo ninayo mpaka leo.